Nilichoma Miche ya Mathe kwa Sababu ya Madoa

Nikiwa kidato cha tatu, likizo ya Agosti, nilichoma miche 26 ya mathe. Haikuwa ajali. Niliipanga nyuma ya kibanda, nikamwaga mafuta taa kidogo, nikawasha kiberiti, kisha nikasimama hapo nikijiona daktari.

Wacha niwape stori yote. Makala hii ni ya historia ya sayansi, lakini kwangu mimi ilianza na huo moshi.

Mathe anauza miche kando ya barabara, zile nasari unazoziona ukiwa kwa matatu: mifuko myeusi imepangwa, bougainvillea upande mmoja, parachichi za kupandikiza upande mwingine, na rundo la mboji limefunikwa kwa gunia. Mwaka huo alikuwa na kitu ambacho majirani zake hawakuwa nacho. Shosho alikuwa amemletea mbegu kutoka milima ya kwao Ukambani, mbegu za kichaka chenye maua meupe yanayonukia jioni hadi unasahau moshi wa magari. Kila ua linatoa kijiti kirefu kama pini, na yakichanua pamoja kichaka kinaonekana kama mto wa kuchomekea pini za fundi cherehani. Jina lake la kitaalamu ni Pavetta. Hilo nililijua miaka baadaye.

Msimamizi wa ploti moja mpya alikuwa ameagiza miche 30, mia mbili kila mmoja. Hiyo ni shilingi 6,000. Kwa nyumba yetu hiyo ilikuwa sehemu ya karo yangu ya muhula wa tatu, na mathe alikuwa ameshaihesabu.

Shida ilikuwa madoa. Ukishika jani la kile kichaka ukaliinua juani, unaona vidoti vyeusi vimetapakaa kila mahali, kama mtu amelinyunyizia wino. Nami nilikuwa nimesoma Kilimo. Nilikuwa na daftari limejaa magonjwa ya mimea, na kichwa kilichojaa zaidi ya daftari. Nikamwambia msimamizi, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba hii miche ina ugonjwa wa majani na asiichukue kwanza. Nikanunua dawa ya ukungu kwa agroveti, nikapuliza mara mbili. Madoa yakabaki palepale. Siku mathe alipokwenda kununua samadi, nikaamua kuokoa nasari yote kwa kuchoma wagonjwa. Minne ilipona kwa sababu ilikuwa nyuma ya pipa la maji na sikuiona.

Mathe aliporudi hakupiga kelele. Aliangalia majivu, akaketi kwa mtungi uliopinduliwa, akaniuliza: "Haya majani yamekuwa na madoa tangu nikiwa msichana mdogo. Wewe uliniuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Na mwaka jana, nilipokuwa natafuta picha za magonjwa ya majani kwa video moja, ndipo nikagundua kwamba nilichokichoma kilikuwa ni nyumba. Yale madoa ni makazi ya bakteria. Bila bakteria hao, kichaka chenyewe hakikui.

Halafu nikagundua kitu kilichonipa afueni kidogo: mabingwa wa sayansi walikosea kuhusu hivi vidoti kwa zaidi ya miaka mia moja. Kosa langu lilikuwa na ukoo mrefu.

Mmea mzima ni mmea msafi?

Rudi nyuma hadi karne ya 19. Huko Ulaya watu walikuwa wamegundua tu kwamba viumbe wadogo wasioonekana ndio wanaoleta magonjwa mengi. Louis Pasteur alikuwa jina kubwa. Kila mtu alikuwa anatafuta kijidudu cha kulaumu, na wazo lililoingia vichwani mwa watu wengi likawa rahisi hivi: kiumbe mwenye afya ni msafi ndani. Ukikuta bakteria ndani ya mmea, basi mmea unaumwa, au wewe hukuosha mikono.

Mwaka 1887 daktari mmoja Mfaransa, Victor Galippe, akaandika kwamba amekata mboga za kawaida, zenye afya, na amekuta viumbe wadogo ndani ya nyama yake. Mwaka uliofuata, 1888, jibu likatoka katika jarida la taasisi ya Pasteur, limeandikwa na Auguste Fernbach. Kwa ufupi: hakuna kitu kama hicho, ndani ya mmea mzima hamna bakteria. Na ukifikiria, wasiwasi wake ulikuwa na maana. Kisu kikiwa kichafu unaweza kuingiza bakteria mwenyewe halafu ukatangaza ugunduzi. Lakini jibu hilo liliwapa watu ruhusa ya kuacha kuangalia.

Cha kushangaza ni kwamba wakati huohuo mlango mwingine ulikuwa unafunguka. Mwaka 1886 Mjerumani Hermann Hellriegel alitangaza kwamba mimea ya jamii ya kunde inapata naitrojeni kutoka hewani kwa msaada wa vinundu vya mizizi yake. Mwaka 1888 Mholanzi Martinus Beijerinck akafanikiwa kuwatoa bakteria wa vinundu hivyo na kuwakuza peke yao. Hii ndiyo ile mada ya biolojia uliyokariri ili upite mtihani: maharagwe, vinundu, naitrojeni. Kwa hiyo kufikia mwisho wa karne ile, sayansi ilikuwa imekubali kwamba bakteria anaweza kuwa rafiki wa mmea, bora akae chini, kwenye mizizi, mahali ambapo hata hivyo kuna udongo.

Lakini kwenye jani, juu kabisa, mahali panapoonekana pasafi? Hapo bado ilikuwa noma.

Kutoka Java hadi Usambara

Sasa ingia Albrecht Zimmermann. Huyu alikuwa mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani, akifanya kazi kwenye bustani maarufu ya Buitenzorg kisiwani Java, mji ambao leo unaitwa Bogor, nchini Indonesia. Wakoloni wa Kiholanzi walikuwa na mashamba makubwa ya kahawa huko, na kazi yake ilihusu magonjwa ya mimea ya biashara. Mtu wa magonjwa, kama mimi na daftari langu.

Lakini yeye alifanya kitu ambacho mimi sikufanya. Alichukua majani yenye vidoti ya vichaka vya ukoo wa kahawa, Pavetta ikiwemo, akayakata membamba na kuyaweka chini ya hadubini. Ndani ya kila kidoti akakuta bakteria wamejaa tele. Na jani lenyewe lilikuwa zima. Halikuwa linaoza wala kunyauka. Kidoti hakikuwa kidonda, kilikuwa chumba ambacho mmea umekijenga vizuri kabisa kuwazunguka wageni wake. Makala yake ilitoka mwaka 1902, akaviita vinundu vya bakteria.

Hapa ndipo hii stori inakuja kwetu. Mwaka huohuo wa 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo huko Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, Tanzania ya leo. Zimmermann akahamishiwa huko, na baadaye akawa mkurugenzi wake. Yaani mtu wa kwanza kutuonyesha kuwa vidoti vya Pavetta ni bakteria aliishi miaka mingi kwenye misitu ambayo vichaka vya aina hiyo vinaota vyenyewe, safari ya siku moja kutoka Mombasa. Kuna Pavetta moja iliyopewa jina lake, Pavetta zimmermanniana.

Lakini Amani haikujengwa kwa ajili ya kuelewa vidoti. Ilijengwa ili koloni lizae: mpira, kahawa, kwinini. Mimea ya kutoka kila pembe ya dunia ilipandwa huko ili kuona upi utaleta pesa. Kichaka cha maua meupe hakikuwa na bei sokoni. Majina ya Waafrika waliofyeka na kubeba miche kupandisha ile milima huwezi kuyaona kwenye majina ya mimea. Mimi huwaza: miongoni mwao lazima kulikuwa na mtu aliyekua akiona majani yenye madoa tangu utotoni, kama mathe. Na huyo pia, nani alimuuliza?

Kichaka cha bahati kinapogeuka kibeti

Ushahidi mkubwa ulitoka kwenye mmea mwingine, na huu ni mmea wa mapambo kabisa. Unaitwa Ardisia crenata. Ni kichaka kidogo cha Asia Mashariki, majani yanang'aa kama yamepakwa mafuta, na matunda yake ni mekundu, mviringo, yananing'inia kama shanga kwa miezi mingi. Wajapani wanakiita manryō, maana yake sarafu za dhahabu elfu kumi. Watu hukinunua wakati wa Mwaka Mpya ili nyumba ipate bahati na mali. Kama kuna kichaka cha kuuza kwa msimamizi wa ploti, ni hicho.

Ukingo wa jani la Ardisia una mawimbi madogo, na kwenye kila wimbi kuna kivimbe. Wataalamu wa kabla walidhani ni tezi za protini. Mjerumani Hugo Miehe, ambaye naye alikuwa amefanya utafiti Java, akaandika mwaka 1911 kwamba hapana, ndani kuna bakteria. Halafu akafanya jambo ambalo lingefaa kuwa kwenye kila kitabu cha biolojia. Akauliza: je, nikiwaondoa?

Alitumia joto. Bakteria hawa wamo ndani ya mbegu yenyewe, kwa hiyo ukiipasha mbegu joto la kadiri unaweza kuwaua bila kuua mmea. Mbegu ikaota. Mche ukatoka msafi, hauna hata kidoti kimoja, kama tu nilivyotaka mimi ile Agosti. Halafu ukakwama. Ukabaki kibeti, machipukizi yamevimba na kujikunja, haurefuki wala kutoa maua. Miehe aliita miche hiyo vilema. Ni neno la zamani, mimi leo nisingelitumia, lakini unaelewa alichokiona: mmea msafi kabisa ulioshindwa kuwa mmea.

Mwaka 1912 mwenzake, Friedrich Carl von Faber, akatoa kazi kuhusu Pavetta akisema vilevile kwamba ushirika huu unarithiwa. Na utaratibu wa kurithishana ndio ulionimaliza kabisa, kwa sababu ni wa werevu mno.

Hebu fikiria ncha ya tawi, pale majani mapya yanapoanzia. Hapo kuna tezi ndogo zinazotoa ute, na ndani ya ule ute bakteria wanaishi. Jani jipya likianza kufunguka, baadhi yao wanaingia kupitia vitundu ambavyo jani linapumulia. Jani linajifunga kuwazunguka, kidoti kinatokea, na hao ndio watakaa humo hadi jani lianguke. Wenzao wanabaki kwenye ute, wanapanda na tawi. Tawi likitoa ua, wanaingia kwenye ua. Ua likifanya mbegu, wanajikuta ndani ya mbegu. Mbegu ikiota, wapo tayari kwenye ncha ya kwanza. Kutoka mama hadi mtoto, mimea hii na bakteria wake wamekuwa wakirithishana hivyo kwa mamilioni ya miaka.

Kwa hiyo mbegu alizoleta shosho zilikuja na wapangaji wake. Mimi ndiye niliyewaona wapangaji nikaita kanjo.

Jibu zuri lililokuwa uongo

Sasa swali la pesa: bakteria hao wanafanya nini humo ndani?

Kila mtu alikuwa na jibu kabla ya kuangalia. Maharagwe yana vinundu, vinundu vinaleta naitrojeni. Vichaka hivi vina vinundu, basi navyo vinaleta naitrojeni. Von Faber alidai hivyo mwaka 1912. Mwaka 1963 watafiti wengine walichapisha katika jarida la Nature kwamba bakteria wa Psychotria, ndugu wa Pavetta, anatengeneza naitrojeni. Likaingia vitabuni. Vichaka vyenye mbolea yake kwenye majani! Nani hataki hiyo stori?

Tatizo ni kwamba waliodai kuwakuza bakteria hao kwenye maabara kwa miaka yote hiyo, wengi wao walikuwa wamekuza bakteria wengine waliojipitia tu. Mwenye nyumba halisi hakukubali kutoka nje. Vipimo vya baadaye vya naitrojeni navyo vikaanza kukataa.

Ilibidi tusubiri DNA. Mwaka 2002 watafiti wa Ubelgiji wakamtambua mwenye nyumba kwa kusoma jeni bila kumtoa ndani ya jani. Walifanya kazi na Psychotria kirkii, kichaka cha kwetu kabisa, kinachoota porini Kenya na Tanzania na kwingineko hadi kusini mwa Afrika. Jina la kirkii linatoka kwa John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea kutoka Scotland aliyesafiri na Livingstone na baadaye akawa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, wakati soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873. Bakteria akaitwa Candidatus Burkholderia kirkii. Neno Candidatus linamaanisha yuko kwenye orodha ya kusubiri: tunajua yupo, lakini hajawahi kufugwa peke yake. Kwa hiyo kiumbe anayeishi kwenye jani la porini kwetu ana jina la balozi, na alipewa jina hilo Ulaya. Sisemi tulie. Nasema tujue.

Mwaka 2012 watafiti wa Zurich, Aurélien Carlier na Leo Eberl, wakasoma jeni zake zote. Matokeo: hamna jeni za kutengeneza naitrojeni. Hata zile za homoni za kukuza mimea, ambazo bakteria wengi marafiki wa mimea wanazo, hazikuwepo. Miaka mia moja ya jibu zuri, na jibu lenyewe halikuwa kweli.

Walichokikuta ni hiki. Jeni nyingi za huyu bakteria zimeharibika, kama nyumba ambayo mtu ameacha kukarabati vyumba asivyotumia. Ameishi ndani ya mmea muda mrefu hadi amesahau kuishi nje. Lakini kuna chumba kimoja kilichotunzwa vizuri: jeni za kutengeneza kemikali za ulinzi. Mwaka 2015 moja ya kemikali hizo ikatolewa kwenye majani na kuitwa kirkamide, molekuli inayofanana na sukari, na ilipojaribiwa ikaonekana ni sumu kwa wadudu. Kwa ile Ardisia ya bahati, mambo ni yaleyale. Mwaka 1988 Wajapani walitoa kwenye mmea huo kemikali kali iliyopewa namba FR900359, ambayo leo inachunguzwa kwa ajili ya dawa, zikiwemo za pumu. Mwaka 2016 jeni zikaonyesha kwamba mtengenezaji ni bakteria wa kwenye vinundu vya majani.

Kwa hiyo kile kidoti cheusi ni kibanda cha mlinzi. Mimi nilikiona mlangoni nikamwita mwizi.

Rafiki wa nani?

Lakini ningeishia hapo ningekuwa nawauzia stori tamu nyingine, kama ile ya naitrojeni.

Wafugaji wa Afrika Kusini wanajua ugonjwa unaoitwa gousiekte. Kondoo au ng'ombe anakula majani ya vichaka fulani, baadhi yao ni Pavetta. Hakuna kinachotokea. Anaendelea na maisha wiki nne, wiki sita. Halafu siku moja anatembea, anaanguka, amekufa. Moyo umeshindwa. Sumu yenyewe ilipewa jina la pavetamine, na vichaka vyote vinavyoleta ugonjwa huu vina bakteria wa ukoo wa Burkholderia ndani ya majani.

Kwa hiyo tunapoandika "bakteria wenye faida", tumalizie sentensi: faida kwa nani? Kwa kichaka, ndiyo. Kwa mdudu, hapana. Kwa mbuzi wa jirani anayeingiza shingo kwenye ua wako, pengine hapana kabisa. Asili haikusaini mkataba na wewe. Huyu bakteria si mzuri wala mbaya, ni mwaminifu kwa mwenyeji wake, basi.

Nalisema hili kwa sababu sasa hivi kuna upepo mwingine. Ukiingia mtandaoni utauziwa chupa ya "bakteria hai" ya kukuza maua ya balkoni, waridi, hibiscus, kila kitu. Bakteria wa kusaidia mimea ni kitu cha kweli. Hapa kwetu, Kabete, Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa na kituo cha kushughulikia bakteria wa kunde tangu 1977, na wakulima wa maharagwe na soya wamekuwa wakipaka mbegu zao bakteria hao. Lakini hiyo ilifanya kazi kwa sababu watu walijua bakteria yupi anakaa na mmea upi. Wa soya ni wa soya. Ukisoma stori ya Pavetta unaelewa kwa nini: ushirika mwingine umejengwa kwa mamilioni ya miaka, kuanzia mbegu hadi mbegu. Huwezi kuununua kwa soo tano na kuumwagia mmea wowote. Na sisi Wakenya, baada ya kelele zote za mbolea feki mwaka 2024, tunafaa kuwa watu wa kwanza kuuliza chupani kuna nini.

Somo langu ni dogo na liliniuma. Galippe aliona akakatazwa kuona. Von Faber na wenzake waliona wakajaza jibu la maharagwe. Mimi niliona nikajaza jibu la daftari. Wote tulikuwa na kitu kimoja: tulishajua kabla ya kuuliza. Zimmermann alikuwa na hadubini, sawa, lakini mimi nilikuwa na mathe, aliyekuwa ameyaona hayo majani miaka arobaini, umbali wa hatua kumi kutoka nilipowashia kiberiti. Hangeniambia neno Burkholderia. Angeniambia tu kwamba kile kichaka kiko hivyo, kimekuwa hivyo, na hakijawahi kufa kwa madoa. Hiyo ni data, wasee. Data ya miaka arobaini, na ni bure.

Muhula ule wa tatu nilirudi shule wiki mbili baada ya wenzangu. Mathe aliuza vitu viwili vitatu vya nyumba, hakunitajia vipi. Hajawahi kunikumbusha.

Ile miche minne ya nyuma ya pipa, mitatu iliuzwa. Mmoja ulibaki, ukakua, ukapandwa kando ya choo cha nje nyumbani kwa shosho, mbali na mbuzi. Desemba nilienda kuuona. Umenipita urefu. Nilivunja jani moja nikaliinua juani, nikahesabu vidoti hadi nikachoka.

Nilikusanya mbegu kiganjani nikampelekea mathe. Nikamweleza yote, Java, Amani, Zurich, ule ute kwenye ncha ya tawi. Alinisikiliza hadi mwisho, huku anajaza udongo kwenye mifuko. Kisha akanyoosha mkono apokee mbegu, akaniuliza, "Kwa hivyo wamo humu ndani?"

Nikamwambia ndiyo, wamo.

"Basi hizi usizipulize dawa," akasema, akazifukia moja moja.